Talaka moja, mashauri manne: mambo ambayo sheria huwauliza wanandoa wanaoachana Mwanza

Anayekwenda mahakamani kudai talaka huwa amebeba hoja moja: nimeonewa. Ameshaisimulia kwa dada zake, kwa mshenga, kwa mchungaji au shehe, kwa mwenyekiti wa mtaa, na kila aliyeisikia amekubali kwamba kweli ameonewa. Hakimu ataisikiliza pia, lakini yeye ana maswali manne. Ndoa hii imevunjika kiasi cha kutotengenezeka? Mali ipi mliichuma pamoja, na kila mmoja alichangia nini? Watoto wakae na nani? Nani atawalisha na kuwasomesha, na kwa kiasi gani?

Maswali hayo husikilizwa katika faili moja, mbele ya hakimu mmoja, mara nyingi siku hiyohiyo, na ndiyo maana watu huyaona kama jambo moja. Siyo jambo moja. Kila swali lina kipimo chake na ushahidi wake. Mama anaweza kuthibitisha ugoni (uzinzi) wa mumewe bila kubakiza shaka yoyote, akapewa talaka, halafu akatoka bila hata bati moja la nyumba kwa sababu hakuleta shahidi wa kueleza nyumba ile ilijengwaje. Baba anaweza kuwa ndiye aliyenunua kila mfuko wa saruji, akapata fungu lake la nyumba, na watoto wakaamriwa kubaki na mama yao. Wote wawili watarudi nyumbani wakisema mahakama imependelea. Mara nyingi haikupendelea. Walileta jibu la swali la kwanza tu, wakadhani linatosha kwa yote manne.

Naandika haya kwa ajili ya watu wa Mwanza na wa kandokando ya Ziwa Victoria, kwa sababu maisha yetu yana mambo yake: mali inayoelea majini, mume anayehama na samaki, kiwanja kisichopimwa mlimani, ng'ombe za mahari, na watu wengi walioishi pamoja miaka mingi bila cheti chochote. Sheria ni moja kwa Tanzania Bara yote, nayo ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, ikisaidiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar wana utaratibu wao.

Kabla ya mahakama kuna baraza

Mtu hawezi kutoka nyumbani na kwenda moja kwa moja kufungua shauri la talaka. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza hayo yapo kwenye kata, na yapo pia ya jumuiya za dini, kwa mfano yanayoendeshwa chini ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na makanisa. Baraza likishindwa hutoa hati, na hati hiyo ndiyo inayoambatanishwa na madai ya talaka. Isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri.

Hapa ndipo mashauri mengi hufia. Mtu anapewa barua yenye muhuri inayosema "tunamleta kwenu ndugu huyu kwa msaada zaidi", naye anaamini ameshavuka. Barua ya namna hiyo haisemi kwamba wanandoa walisikilizwa na usuluhishi ukashindikana. Shauri linaweza kusikilizwa mwaka mzima, hukumu ikatoka, mwenzako akakata rufaa, na mahakama ya juu ikafuta kila kitu kwa kuwa hati haikuwa hati. Kwa hiyo isome kabla hujaondoka barazani. Iwe na majina yenu wote wawili, ieleze kwamba baraza lilijaribu kuwasuluhisha na limeshindwa, iwe na tarehe na saini. Ukiona imekaa kienyeji, mwombe katibu aiandike upya kwa fomu iliyowekwa na kanuni. Ni haki yako, na kwake ni kazi ya dakika chache.

Jambo jingine: baraza linasuluhisha tu. Halivunji ndoa, halina mamlaka ya kugawa nyumba, wala haliamui mtoto aende wapi. Wapo wazee wa baraza wenye nia njema kabisa ambao huwakalisha wanandoa na kuandika makubaliano, "mama achukue kitanda na sufuria, baba abaki na nyumba," kisha pande zote zikaweka dole gumba. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo siku umechoka na unalia, usitie saini. Gawio la mali ni kazi ya mahakama, na karatasi hiyo itatolewa mbele ya hakimu kuonyesha kwamba uliridhika.

Vipi kuhusu mwenza asiyejulikana alipo? Kwetu hili ni la kila siku. Mvuvi ameondoka kufuata samaki visiwani, mara ya kwanza alituma pesa, baadaye simu haipatikani, na sasa kuna wanaosema yuko Goziba na wengine wanasema ameonekana Uganda. Sheria imelifikiria hilo. Huhitaji kupita barazani kama mwenzako amekutelekeza na hujui alipo, kama anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, kama ameitwa barazani akakataa kwa makusudi, kama amefungwa maisha au miaka mitano na kuendelea, kama ana ugonjwa wa akili usiotibika, au kama mahakama itaridhika kwamba kuna hali ya kipekee inayofanya usuluhishi usiwezekane. Mwanamke anayepigwa asidhani analazimika kukaa benchi moja na anayempiga. Aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, atibiwe, atunze karatasi zake zote, kisha aieleze mahakama kwa nini hawezi kwenda barazani. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, mila iseme itakavyo.

Kuna pia kizuizi cha muda. Ndoa ambayo haijafikisha miaka miwili haiwezi kudaiwa talaka bila kibali cha mahakama, na kibali hutolewa pale mwombaji anapoonyesha kwamba anateseka kupita kawaida.

Ndoa ipi inavunjwa, na kwa hoja gani

Sheria yetu haiulizi kwanza nani mkosaji. Inauliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ugoni, ukatili wa mwili au wa maneno, kutelekezwa miaka mitatu, kutengana kwa hiari miaka mitatu, kifungo kirefu, hayo yote yametajwa kwenye kifungu cha 107 kama ushahidi unaoweza kumwonyesha hakimu kwamba ndoa imekwisha. Si orodha ya makosa ambayo lazima uchague moja. Hakimu hutazama mwenendo mzima wa wawili hao.

Muislamu aliyeandikiwa talaka na mumewe hujiona ameachika, na kwa dini yake ni hivyo. Kwa sheria ya Tanzania Bara bado ana ndoa mpaka mahakama itoe amri. Kifungu cha 107(3) kimeirahisisha njia yake: baraza likithibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, mahakama inatakiwa kukubali kwamba ndoa imevunjika na kutoa talaka. Zingatieni mpangilio: baraza kwanza, talaka baadaye. Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume chake. Mume anatamka au anaandika talaka, mke anarudi kwao Magu au Sengerema, miaka inapita, na siku mume anapofariki ndipo linazuka swali la nani mjane na nani hayumo kwenye mirathi. Msiba si wakati mzuri wa kulijibu.

Ng'ombe nao wana swali lao. Familia nyingi za Kisukuma huamini kwamba ndoa haiwezi kuvunjwa mpaka mahari irudi, au kwamba baba aliyetoa ng'ombe wote ndiye mwenye watoto. Kutokamilika kwa mahari hakubatilishi ndoa, na kutorudishwa kwake hakuizuii mahakama kuivunja. Madai ya ng'ombe yanaweza kufunguliwa na kusikilizwa kwa taratibu za mila, lakini hayo ni madai ya ng'ombe. Asiwepo binti anayebaki kwenye kipigo kwa sababu kaka zake walishaoa kwa ng'ombe zilezile.

Tuje kwa wale ambao hawakufunga ndoa yoyote. Mialoni yetu imejaa familia hizi: walikutana Kirumba au Kayenze, wakapanga chumba, wakazaa, majirani wakawaita baba na mama fulani, na hakuna aliyewahi kwenda kwa mchungaji, kwa shehe wala kwa mkuu wa wilaya. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watambulike kama mume na mke, watachukuliwa kwamba wameoana. Ni dhana, kwa hiyo inaweza kupingwa. Mwanamume akionyesha kwamba muda wote huo alikuwa na ndoa ya kanisani ya mke mmoja, dhana inavunjika. Lakini hata ikivunjika mlango haufungwi. Kifungu hichohicho kinamruhusu mwanamke aliyeishi naye kweli miaka miwili kuomba matunzo yake na ya watoto, na kinampa yeyote kati yao, mwanamke au mwanamume, nafasi ya kuomba nafuu nyingine ambazo mahakama ingetoa baada ya talaka. Maneno "sikukuoa mimi, ondoka kwangu" yamewafukuza wanawake wengi sana kwenye nyumba walizozijenga kwa mikono yao, na siyo kweli kisheria.

Mali

Sasa tumefika palipo na vita kubwa na uelewa mdogo.

Kanuni ya kwanza huwashangaza wengi: kuoana hakubadilishi umiliki wa kitu. Kiwanja ulichokuwa nacho kabla ya ndoa kinabaki chako, na kilichonunuliwa kwa jina la mmoja wakati wa ndoa huchukuliwa kuwa ni chake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kanuni ya pili inakuja wakati wa talaka. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa jitihada za pamoja wakati wa ndoa, bila kujali jina lililo kwenye karatasi. Hata mali ya kabla ya ndoa huingia kwenye mgawo kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili. Shamba la ukoo ulilorithi Misungwi ni lako. Nyumba mliyoijenga juu yake pamoja ina hesabu nyingine.

Je, mama wa nyumbani asiye na mshahara amechangia nini? Swali hilo lilijibiwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kabla ya hapo majaji walikuwa wakivutana. Mahakama ikasema kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni kazi, na kazi hiyo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Msimamo huo unafuatwa hadi leo. Ila shauri lile lina nusu ya pili ambayo wengi hawaisimulii. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa Mahakama iliona mumewe alikwishampa fedha naye akazitumia vibaya, kwa hiyo fungu lake lilikuwa limekwishatoka. Hapo ndipo penye jibu la swali ninaloulizwa sana: je, mwenye kosa kwenye ndoa ananyang'anywa mali? Hanyang'anywi kwa sababu ya ugoni wenyewe. Kosa hutazamwa pale lilipogusa mchango wake, kama vile mtu aliyetapanya fedha za nyumba kwa ulevi au kwa hawara. Anayetaka fidia ya ugoni ana kifungu chake cha 72, na anayedaiwa huko ni yule mtu wa tatu.

Mchango wa nyumbani unakubalika, lakini haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Hakimu anatakiwa kuangalia mila za jamii ya wahusika, kiasi alichochangia kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyapima hayo, ndipo anaelekea kwenye usawa. Kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na ushahidi ndio unaokosekana.

Chukulia mama anayeanika dagaa Igombe. Mume ana mtumbwi na injini. Yeye hununua mafuta ya safari ya kwanza kwa pesa ya kikoba, huwapikia wavuvi, huanika, hufunga magunia, huuza kwa wanaosafirisha. Faida ya miaka sita imenunua kiwanja Buswelu na kujenga nyumba ya vyumba vinne. Hati ya mauziano imeandikwa jina la mume peke yake, ikashuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa. Leseni ya chombo nayo ina jina la mume. Mama huyu akifika mahakamani na kusema "tulitafuta wote" na kukaa chini, ataambulia kidogo. Lakini ana mengi ya kuleta. Daftari la kikoba linaonyesha tarehe na kiasi cha mkopo. Ujumbe wa simu unaonyesha pesa alizomtumia mume au fundi. Aliyewauzia kiwanja yupo na anakumbuka nani alihesabu noti. Fundi anajua nani alikuwa akileta saruji na nani aliwapelekea mafundi uji. Mvuvi mmoja aliyefanya kazi kwenye mtumbwi ule anaweza kusema mafuta yalitoka wapi. Mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mauziano anaweza kuitwa. Huo wote ni ushahidi halali, na shahidi wa macho aliyesimama kizimbani ana uzito hata pale pasipo na risiti.

Na aanze kuukusanya mapema, kabla ya kelele. Apige picha hati, aandike namba ya injini, aandike majina ya mashahidi. Vyombo vya uvuvi huhama. Injini inaweza kuwa Mwanza jioni na asubuhi ikawa imeuzwa kisiwani. Sheria inairuhusu mahakama kuzuia mali isiuzwe wakati shauri linaendelea, na hata kutengua mauzo yaliyofanywa kwa nia ya kukwepa madai ya mwenza, lakini lazima uombe, na uombe ukiwa na maelezo kamili ya kitu chenyewe. "Mtumbwi wa mume wangu" hautoshi. Nyumba ya familia ina ulinzi zaidi. Kifungu cha 59 kinakataza mwanandoa kuiuza, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na mwenye wasiwasi anaweza kuandikisha zuio kwa msajili wa ardhi. Kwenye milima yetu isiyopimwa, ambako hakuna hati ya kuandikia zuio, barua kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, wakaweka nakala yenye muhuri, imewahi kuwazuia wanunuzi wengi kwa kuwa hakuna anayetaka kununua ugomvi.

Wenye ndoa za wake wengi wana kazi ya ziada. Mahakama inagawa kile ambacho mume na mke wanaoachana walikichuma wao. Nyumba aliyoijenga na mke mkubwa kabla mke mdogo hajaja haimhusu mke mdogo, isipokuwa aonyeshe alichokiongeza. Vilevile mke mkubwa anayeachika asikubali kuambiwa kwamba mali yote sasa ni ya mke mdogo. Tarehe ndizo zinazoamua: uliolewa lini, kiwanja kilinunuliwa lini, linta ilifungwa lini.

Madeni hugawanywa pia. Mkopo uliojenga nyumba ni wenu nyote. Aliokopa mmoja kwa siri na kuula nje atabaki nao.

Watoto

Kwenye mali hakimu huangalia mchango wa wazazi. Kwenye watoto mchango wa wazazi hauna nafasi. Kipimo ni ustawi wa mtoto, na kila kingine kiko chini yake. Kifungu cha 125 kinamtaka hakimu azingatie matakwa ya baba na mama, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Kipo pia kipengele maarufu cha mtoto wa chini ya miaka saba: sheria inachukulia kwamba ni vema akae na mama, lakini baba anaweza kuthibitisha vinginevyo, na hakimu anatakiwa pia kufikiria madhara ya kumhamisha mtoto mahali alipozoea.

Watu wameligeuza hilo kuwa kanuni ya mtaani: mtoto akifikisha miaka saba, baba anakuja kumchukua. Hakuna kifungu kinachosema hivyo. Miaka saba humaliza ile dhana ya upande wa mama, basi. Baada ya hapo wazazi wanasimama sawa mbele ya ustawi wa mtoto, na kila mtoto huangaliwa peke yake. Wala malipo ya ng'ombe hayamfanyi mtoto kuwa mali ya upande mmoja, kwa sababu mila ni jambo moja kati ya mengi anayopima hakimu.

Ushahidi hapa ni wa maisha ya kila siku. Nani humpeleka mtoto zahanati na ana kadi yake ya kliniki? Mwalimu humjua mzazi yupi? Atalala wapi, na nani atakuwepo akirudi shuleni? Baba anayeshinda na kulala majini wiki tatu kwa mwezi lazima amweleze hakimu mtoto atakaa na nani wiki hizo. Mama anayehamia Geita kutafuta kazi aeleze vivyo hivyo. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuagizwa kutembelea nyumba zote mbili na kuandika ripoti, na ripoti hiyo husomwa kwa makini. Mpokeeni vizuri, mwonyesheni ukweli.

Mtindo wa kumpakia mtoto kwenye boti usiku na kumpeleka kwa bibi Ukerewe ili mwenzako asimpate unamuumiza mtoto kwanza na kuharibu shauri lako baadaye. Mahakama inaweza kumpa bibi malezi kukiwa na sababu za kipekee, na zipo familia ambako bibi ndiye kimbilio pekee, lakini iamue mahakama. Kwa wanaoishi karibu na mpaka wa maji, mjue kwamba mzazi mwenye hofu ya mtoto kuvushwa kwenda Kenya au Uganda anaweza kuomba amri ya kuzuia asitolewe nchini.

Asiyekaa na mtoto hapotezi uzazi. Sheria ya Mtoto inampa mtoto wa wazazi walioachana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, ilimradi masomo yasivurugike, na haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana. Tafadhali someni tena sentensi hiyo: haki ni ya mtoto. Mama anayemficha mtoto kwa kuwa baba hajaleta ada anamwadhibu mtoto, na baba anayekata ada kwa kuwa amenyimwa kumwona mtoto anafanya kosa hilohilo.

Ratiba ya kumwona mtoto iwe ya maisha yenu halisi. Amri nyingi husema "kila mwisho wa juma", wakati mvuvi wa dagaa hayupo nyumbani mwisho wa juma. Yeye hupumzika siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa hazivuti dagaa mwezi ukiwaka. Ombeni ratiba ifuate siku hizo. Hakimu hawezi kuijua kalenda ya ziwa msipomwambia.

Matunzo

Baba ana wajibu wa kumtunza mtoto wake, awe anaishi naye au la, na mama naye hubeba wajibu huo pale baba asipokuwepo au asipoweza. Madai ya matunzo ya mtoto hayahitaji kusubiri talaka. Yanaweza kupelekwa Mahakama ya Watoto hata kama hakuna ndoa, na ustawi wa jamii huweza kuwakutanisha wazazi kabla ya hapo. Mke pia anaweza kuomba matunzo yake wakati shauri linaendelea, na hata mume asiyejiweza kwa ugonjwa au ulemavu anaweza kumdai mke mwenye kipato.

Ugumu ni kiasi. Mwenye mshahara ana hati ya mshahara. Mvuvi, mchuuzi, bodaboda hana. Ukienda na kusema "ana pesa nyingi" utaishia kupewa kiasi cha kukisia. Leta majina ya wanunuzi wake wa sangara, idadi ya mitumbwi yake, wapangaji wake. Upande wa pili andika matumizi ya mtoto kwa mwezi, kitu kwa kitu: chakula, nauli, daftari, matibabu. Na kwa kipato kinachopanda na kushuka, ni busara kuomba ada na bima zilipwe moja kwa moja shuleni na hospitalini, kisha pesa ya chakula iwe ndogo lakini ya kila juma. Amri ya laki tatu kwa mwezi isiyolipwa haimlishi mtoto.

Baada ya hukumu

Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Wengi wetu huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako ni karibu na gharama ni ndogo. Asiyemudu wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na hapa Mwanza shirika la Kivulini limefanya kazi na wanawake wenye migogoro ya namna hii kwa miaka mingi. Msaidizi wa kisheria atakuandikia maelezo na kukuelekeza, ingawa hatasimama kizimbani badala yako.

Hukumu ikisomwa, omba nakala yake na ya tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, siku hiyohiyo. Muda wa rufaa huanza kuhesabiwa na ni mfupi, kwa hiyo muulize karani siku ya mwisho ni ipi na uiandike. Kama umeshinda na mwenzako hatekelezi, hakuna polisi atakayekuja mwenyewe kumtoa kwenye nyumba au kumdai matunzo. Lazima urudi mahakamani kuomba kukaza hukumu, yaani mahakama iilazimishe itekelezwe. Hapo nyumba inaweza kuthaminiwa, mmoja akamlipa mwenzake fungu lake na kubaki nayo, au ikauzwa na fedha zikagawanywa. Nimeona watu wenye hukumu nzuri zimekunjwa kwenye mkoba kwa miaka, wakingoja itekelezwe yenyewe.

Mgawo wa mali ukishakamilika ndio umekwisha, ila amri za watoto hubadilika. Baba akipoteza chombo kwa dhoruba anaweza kuomba kiasi kipunguzwe. Mtoto akianza sekondari mama anaweza kuomba kiongezwe. Mzazi aliyepewa mtoto akimtesa, malezi yanaweza kuhamishwa. Yote hayo huombwa kwenye mahakama ileile, na hakuna anayeruhusiwa kujipunguzia mwenyewe.

Talaka yenyewe inatakiwa isajiliwe kwa Msajili wa ndoa na talaka, RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Fuatilia kama mahakama imepeleka taarifa, kwa sababu mwanamke atakayetaka kuolewa tena, au mwanamume atakayetaka ndoa ya mke mmoja, ataulizwa ile ya kwanza iliisha vipi, na hapo huhitajika karatasi.